Kabari ya Gari Moshi

Mwezi uliopita nilishuka njia panda ya kwenda Mlalo nikiwa na kiroba cha karoti kichwani, na kabla sijajua nielekee wapi, moshi wa mti wa mpeasi uliochanganyika na mafuta ya nyama ya ng'ombe ukaniingia puani. Nilisimama katikati ya barabara mpaka dereva wa bodaboda akaniuliza kama nimeota mizizi. Vijana wawili walikuwa wamefungua banda la nyama pembeni, na mbele ya banda kulikuwa na pipa jeusi lililolazwa, lina mlango ubavuni, lina bomba la moshi, na chini yake magurudumu manne.

"Karibu mama, nyama ya moshi, laini mpaka kibogoyo anasahau meno," mmoja akasema.

Nyama sikuiuliza. Niliuliza, "Hili mkiliacha mteremkoni, haliendi?"

Akakanyaga chuma kidogo karibu na gurudumu. "Breki hiyo, mama. Sukuma wewe na ukoo wako wote, haliendi."

Nikamshukuru nikaondoka bila kununua kitu. Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa kelele. Kwenye misiba wananipeleka jikoni, mbali na wafiwa, maana nachekesha hata masufuria. Siku ile nilitembea mpaka nyumbani bila kumsalimia mtu, na kwetu huku ukipita bila kusalimia, habari zako zinafika nyumbani kabla yako.

Baba yangu alikuwa na mabega ambayo ungemwambia ahamishe mlima, angeuliza tu aupeleke upande gani. Alifanya kazi miaka mingi katika jiko la hoteli moja mjini Lushoto, na huko ndiko alikojifunza kukausha nyama kwa moshi. Unailaza mbali na moto, moshi wa polepole unaipitia tangu alfajiri hadi adhuhuri, inatoka nje nyeusi kama kiatu cha mwalimu mkuu na ndani nyekundu kama tunda damu. Hoteli ilipopunguza watu, alirudi kijijini na kisu kimoja, aproni moja, na wazo hilo.

Pipa lilikuwa la mafuta ya mashine. Alilijaza majani makavu akaliwasha, likawaka kutwa nzima, na moshi wake nina hakika uliwakohoza watu mpaka Mombo. Akalisugua kwa jivu na mchanga, akalichoma tena, akalisugua tena, mpaka mama akasema hata yeye siku ya harusi hakusuguliwa hivyo. Mlango aliukata kwa tindo na nyundo, bawaba akazitoa kwenye mlango wa choo chetu, kwa hiyo kwa miezi miwili choo chetu kilikuwa na pazia la gunia na sisi tulijifunza kuimba tukiwa ndani ili mtu asiingie. Kichanja cha ndani kilikuwa cha nondo. Moto ulikaa peke yake, ndani ya pipa dogo lililoungwa mwishoni, ili moshi uingie na ndimi za moto zibaki. Bomba la moshi lilikuwa ekzosi ya pikipiki. Mwisho akalipaka shahamu ndani nzima, akalifukiza mara tatu bila nyama. Mara ya nne akaweka nyama, na harufu ikawatoa watu msikitini kabla imamu hajamaliza dua. Hilo mama anasema natia chumvi. Natia, lakini kidogo.

Shida ilikuwa moja. Nyama ilikuwa kwetu, juu ya kilima, na watu walikuwa gulioni, lile soko letu la mara moja kwa wiki kule chini barabarani. Ikibebwa kichwani inafika imepoa, na nyama iliyopoa haimwiti mtu. Baba alitaka moshi ufike gulioni kabla yake.

"Basi livishe miguu," akasema mjomba Athumani. Huyu alikuwa mdogo wake mama, alikuwa akiishi nasi, na kwa baba alikuwa shemeji, kwa hiyo utani ulikuwa haki yake.

"Nitalivisha miguu yako, shemeji. Naona huitumii."

Walifunga safari hadi kwa fundi wa kuchomelea mjini. Baba akarudi na ekseli yenye magurudumu mawili ya pikipiki, na mishikio mirefu miwili mbele kama ya mkokoteni. Mara ya kwanza ekseli iliwekwa katikati kabisa, na kwa kuwa pipa la moto ndilo zito, uzito wote ulirudi nyuma na baba akanyanyuliwa juu kama kuku aliyeshikwa mbawa. Tulicheka tukakaa chini. Akaisogeza ekseli nyuma, karibu na moto, na sasa mtu mmoja aliweza kuinua mishikio kwa vidole viwili. Siku hiyo baba alilizungusha uani kama anacheza nalo. Watoto wa kijiji wakalipa jina: Gari Moshi.

Nyie mliozaliwa milimani mnajua kwamba kitu chenye gurudumu kwetu kina nia mbili tu, kukuvunja kiuno kwenye mpando au kukukimbia kwenye mteremko. Kwa hiyo baba alipanga jeshi. Yeye mbele, ndani ya mishikio. Mjomba Athumani nyuma, ameshika kamba iliyofungwa kwenye pipa, anavuta kinyume, yeye ndiye breki. Mama anafuata mbali na beseni la ndizi na pilipili. Na mimi, mwenye umri wa miaka minane, nilikuwa utingo. Kazi yangu ilikuwa kabari, kipande cha mti wa muwati kilichochongwa pembe. Gari likisimama, naisukumiza mbele ya gurudumu. Likitaka kuondoka, naigonga kwa jiwe mpaka itoke. Jina langu la kuzaliwa lilikufa. Kijiji kizima kiliniita Utingo na mimi nilitembea kifua mbele kama nina mshahara.

Moto uliwashwa nyumbani alfajiri, na tulishuka nao ukiwaka, nyama ndani. Na tulisimama sana. Baba alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi. Hakuweza kumpita mzee barabarani huku amekamata mishikio kama punda. Ilibidi asimame, kabari iwekwe, atoke kwenye mishikio, avue kofia, aende mpaka kwa mzee, ainame, "shikamoo", "marahaba", habari za nyumbani, za mahindi, za mguu wa mzee, zote kwa Kishambaa na kwa utaratibu. Kutoka kwetu hadi gulioni nilihesabu wazee kumi na mmoja. Mjomba Athumani alisema tungekuwa tunaishi mji wenye vijana watupu tungekuwa matajiri.

Mwanzoni waliniamrisha kwa sauti. Mmoja akisema "toa", mwingine "bado", siku moja nikaitoa nusu na gurudumu likanikanyaga kidole. Baba akachuchumaa mbele yangu, akaniambia, "Utingo, sikia. Kuanzia leo usisikilize mdomo wa mtu. Wala wangu. Angalia mkono wangu tu. Nikiuinua juu, kiganja wazi, toa kabari."

"Na mjomba akisema?"

"Mjomba wako anasema mengi."

Kwa miezi mitano nilifuata mkono ule bila kukosea hata mara moja.

Siku yenyewe ilikuwa ya ukungu wa asubuhi uliokwisha kupanda, jua jembamba, barabara ina utelezi kidogo. Tulikuwa tumefika pale mteremko unapokuwa mkali kabla ya kona ya chini, upande mmoja ukingo wa udongo mwekundu, upande wa pili korongo. Baba alisimama, nikaweka kabari. Ng'ambo ya korongo, juu kwenye matuta yake ya maharage, alikuwa Maalim Shabani, aliyemfundisha baba Kurani. Mjomba alimwona pia, maana nilimsikia akiguna, "Haya, salamu za Maalim, tutafika kesho." Akaiachia kamba, akatoa sigara, akawa anatafuta kiberiti mifukoni.

Lori la kabichi lilikuwa linapanda kutoka chini kwa gia ya kwanza, linanguruma kama dunia inasagwa. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando ya gurudumu na jiwe langu mkononi, namwangalia baba kama nilivyofundishwa. Baba hakuvua kofia. Hakutoka kwenye mishikio. Maalim alikuwa mbali, hakuna njia ya kumsalimu ila kwa mkono. Baba akauinua mkono wake wa kulia juu, kiganja wazi.

Nikagonga kabari mara mbili, ikatoka.

Gari lilianza taratibu, kama mtu anayejinyoosha. Baba aligeuza uso akaniangalia mimi, kisha akamwangalia mjomba nyuma, na mjomba alikuwa na sigara mdomoni na mikono miwili mfukoni. Kisha pipa likampiga mgongoni. Alianza kukimbia, maana hakuwa na la kufanya ila kukimbia. Angeweza kuruka pembeni. Nimelipima jambo hilo kwa miaka yote hii, nimerudi pale kwa miguu yangu nikapima kwa hatua: angeweza. Lakini kwenye kona, nyuma ya lile lori, walikuwa wanapanda kina mama watatu na mizigo kichwani, mmoja ana mtoto mgongoni. Baba akaikunja mishikio yote kuelekea kwenye ukingo wa udongo, na yeye alikuwa kati ya ukingo na pipa.

Mlio wake sitauandika. Mlango wa pipa ulifunguka, nyama ikamwagika barabarani, na makaa yakamwagika pale alipokuwa.

Kabari nilikuwa nayo mkononi. Niliitupa korongoni.

Kina mama wale ndio waliomtoa, pamoja na dereva wa lori, kwa kanga na mikono mitupu. Mjomba alikuwa akilivuta pipa lililokuwa bado moto, viganja vinaungua na wala hajui. Mama akafika, beseni likaanguka. Na mmoja wa kina mama wale akanyoosha kidole akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona kila kitu, "Huyu hapa ndiye mwenye kamba. Kamba ameiacha, anavuta sigara!"

Lori lilirudi kinyumenyume mpaka kwenye upenyo, likageuza, likampeleka baba hospitali juu ya kabichi.

Alikaa siku sita. Watoto hatukuruhusiwa wodini, lakini siku ya nne mama alinifunika kanga akanipitisha. Paja lilikuwa limefungwa, kifua kimefungwa, na uso wa baba ulikuwa mdogo. Mabega yale sikuyaona. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia, njia nzima nilikuwa nakariri. Akauliza, "Wale kina mama?"

"Wazima, baba."

Akafumba macho, akayafumbua. Kisha akauinua mkono wake wa kulia kutoka kwenye shuka, polepole, kiganja wazi.

Nikakimbia. Nilitoka wodini, nikapita kwa wauguzi, nikatoka nje mpaka chini ya ukuta, nikajificha. Niliamini ananionyesha: mkono ni huu, umeona ulichofanya? Nimekuwa mama wa watoto watatu ndipo nikajua mkono wa namna ile mzazi anauinua kwa sababu gani. Alitaka nisogee anishike. Alikaa na kiganja chake wazi hivyo, na mimi niko chini ya ukuta naziba masikio. Siku mbili baadaye alifariki, na sikuwa nimeingia tena.

Msibani maneno yalikuwa yamekwisha kukomaa. Athumani aliachia kamba. Athumani alikuwa anavuta sigara. Wengine wakaongeza kwamba alikuwa amelewa, naye tangu azaliwe hajaonja hata togwa iliyochachuka. Hakujitetea. Alikaa mwisho wa mkeka, mikono yake imefungwa vitambaa, anakunywa uji kwa kushikiwa kikombe na mtoto wa jirani, maana hakuna mtu mzima aliyemshikia.

Siku ya arobaini, watu wamejaa uani, mama akamwambia mdogo wake mbele ya wote, bila kupaza sauti, "Nilikupa mume wangu umshikie kamba."

Basi.

Nikasimama. Nikasema, "Si mjomba. Ni mimi nilitoa kabari. Baba aliinua mkono, nikatoa."

Halafu mwanamke mmoja akaanza kulia, akasema, "Jamani mtoto huyu! Anavyompenda mjomba wake!" Na wengine wakaitikia, maskini, ana moyo wa huruma, mfuteni machozi, mlisheni. Maalim Shabani mwenyewe akaniwekea mkono kichwani akaniombea dua. Mimi nikawa napiga kelele kwamba ni kweli, kabari niliitupa korongoni, nendeni mkaitafute, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kunihurumia. Nilimtazama mama. Mama akasema, "Nyamaza. Nenda kachote maji."

Nikaenda kuchota maji. Niliporudi, mjomba hakuwepo. Alikuwa ameshuka mlima na begi la mgongoni.

Shule niliacha baada ya muda, mama hakuweza peke yake na mashamba. Nililima karoti na kabichi kiasi cha kulisha jeshi la nchi tatu. Nikaolewa, nikazaa, na uzee ukiwa umeshapiga hodi nikaingia masomo ya jioni, nikakaa dawati moja na vijana wanaoniita bibi, nikafaulu, na siku ya kupewa cheti nilicheza mpaka kiatu kikakatika. Ndiyo maana naweza kuandika haya. Ila kuna jambo moja ambalo vitabu vyote havikunisaidia, na baada ya ile harufu ya njia panda nilijua nitalifanya.

Nilimfuata mjomba Korogwe. Miaka yote hiyo alikuwa huko chini tambarare, analinda ghala. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, mzee, mkavu. Nilipopiga magoti kumwamkia alinitambua kabla sijataja jina.

"Utingo," akasema.

Nikamwambia yote. Akanisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtoto anayesoma shairi lake la shule. Nilipomaliza akanionyesha viganja vyake, ngozi imejikunja nyeupe.

"Mwanangu, kabari ni kipande cha kuni. Breki nilikuwa mimi."

"Lakini nisingeitoa..."

"Hata ungeitoa mara mia. Kamba ingekuwa mkononi mwangu, tungesimama. Shemeji aliniangalia. Unajua aliniangalia?"

"Aliniangalia mimi kwanza."

"Akaniangalia mimi mwisho," akasema, kwa ukali kidogo, kama ninamnyang'anya kitu.

Tulibishana mpaka jua likahama kivuli chetu. Kila mtu analivutia kosa lile kwake kama ndugu wanaogombea mpaka wa shamba, na hakuna aliyekubali kuachia hata hatua moja. Mwisho akachoka. Akauliza kuhusu mama, kama magoti bado yanamsumbua. Hakuuliza kama anaweza kuja.

Nilirudi nikamwambia mama. Alikuwa kibarazani anapukuchua maharage, ukungu umeanza kushuka kwenye migomba. Nilimwambia kama nilivyosema siku ya arobaini, ila safari hii bila kulia. Hakuacha kupukuchua.

"Nilikusikia," akasema.

"Najua ulinisikia, mama, lakini hamkuniamini."

"Wao hawakukuamini." Akatupa ganda kando. "Mimi nilikuamini palepale. Uso wako ulikuwa wa mtu mzima."

Nikaokota ganda lile, nikaanza kulichana vipande.

"Nilikuwa na hasira ya kuua mtu," akaendelea. "Lazima ingemwangukia mmoja. Athumani alikuwa na miguu, angeweza kwenda. Wewe ningekufukuzia wapi?"

"Mjomba anaamini mpaka leo kwamba wewe..."

"Najua anachoamini."

"Mwite, mama. Umwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba nilijua, na nikamwacha aende?" Hapo mikono yake ikasimama. Ukungu ukafika uani, ukaziba jiko, ukaziba mbuzi. Kisha akauliza, "Amekonda?"

"Amekonda sana."

Akaingia ndani. Alitoka na kanga kuukuu, akamiminia humo maharage yote aliyoyapukuchua, akaongeza mengine kutoka kwenye debe, akafunga fundo kwa meno kama alivyozoea.

"Mpelekee. Usiseme yametoka kwangu."

Nilishuka tena Korogwe Ijumaa iliyofuata. Mjomba alifungua fundo juu ya mapaja yake, akatia viganja vyake vile ndani ya maharage, akayaacha yapite katikati ya vidole.

"Ya nyumbani haya," akasema. "Nani amelima?"

"Mimi, mjomba," nikasema. "Nimelima mwenyewe."